Rangi gani ya kuchorea raba za kitambaa isipasuke wala kutoka ikifuliwa?

BintiBrashi
Habari wakuu. Kazi yangu ni kuchora kadi na vibao vya maduka. Sasa nimepata oda ambayo sijawahi kuifanya: jozi kumi na mbili za raba nyeupe za kitambaa, zile za kufunga kamba zenye soli ya mpira, za wapambe wa bibi harusi. Wanataka maua ya kitenge chao cha sare, yaani chungwa, bluu iliyokolea na nyeupe kidogo. Harusi mwezi ujao, Morogoro. Na wameniambia wazi kwamba baada ya harusi wataendelea kuzivaa, kwa hiyo zitafuliwa.

Kabla sijagusa kiatu cha mtu nataka nijue rangi. Nyumbani kuna makopo ya rangi ya mafuta ya mjomba anayechora Tingatinga, kuna nusu ndoo ya rangi ya maji ya ukutani, kuna vichupa vya rangi za shule vya watoto. Dukani nimeonyeshwa akriliki za kwenye tyubu. Na jirani yangu anayeprinti tisheti anasema ya kwake ndiyo kiboko. Kila ninayemuuliza anasifia kopo lake. Mnishauri.

Mzee_Kigoda
Nimeweka kigoda hapa, nasubiri wajuzi.

Kaka_Ferry
Chukua ya mjomba, maliza kazi. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli, na picha za wakati ule mpaka leo zinang'aa. Unataka uimara gani tena?

FundiSkrini
Mkuu Kaka_Ferry, historia umeipata ila ubao umeusahau. Mzee Tingatinga alikuwa anachora kwenye vipande vya siling bodi. Siling bodi haitembei. Kiatu kinapinda pale kwenye vidole kila hatua, na mtu akitoka Msamvu kwenda sokoni kwa miguu ni maelfu ya hatua.

Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani, na haiachi kuvuta hata ukiona imeshakauka. Inazidi kuwa ngumu miezi na miezi. Huo ugumu ndio unaoleta mng'ao unaousifia, na ndio huo huo utakaokatika kwenye mkunjo wa raba.

Kaka_Ferry
Sawa, lakini pale Oysterbay, Dar, wachoraji wa Tingatinga siku hizi wanachora kwenye kitambaa kwa rangi hiyo hiyo. Nimeona kwa macho yangu. Watalii wanabeba.

FundiSkrini
Kitambaa kile kimewambwa kwenye fremu, kimetulia. Na ukimwona muuzaji anamfungashia mtalii, hakikunji kama shati. Anaviringisha, tena mjuzi anaviringisha upande wenye rangi ukiwa nje ili usibanwe. Anajua akikunja, mstari unabaki pale milele.

Kuna jambo lingine watu hawalijui. Mafuta yakilowa kwenye uzi wa pamba au kitani, kadiri yanavyokauka yanaudhoofisha uzi wenyewe. Ndiyo maana wachoraji wa rangi za mafuta tangu zamani hupaka kwanza kitu cha kuziba kitambaa ili mafuta yasifike kwenye nyuzi. Kwenye raba ukiziba hivyo umetengeneza gamba.

Kaka_Ferry
Hapo umenishika. Naendelea kusoma.

Kemia_Mtaani
BintiBrashi, usichague kopo kwa rangi unayoiona, chagua kwa gundi iliyomo ndani. Kila rangi ina unga wa rangi, ina kimiminika kinachokauka (maji, tina, tapentaini), na ina gundi inayobaki ikiushikilia ule unga. Unga mweupe wa ukutani na unga mweupe wa kwenye chupa ya rangi ya vitambaa mara nyingi ni kitu kimoja, titani dayoksaidi. Kinachotofautiana ni gundi. Sasa tupite kopo kwa kopo.

Rangi za shule: gundi yake inayeyuka kwenye maji hata ikishakauka, makusudi, ili mama afue sare ya mtoto. Mvua moja ya Morogoro na maua yote yako kwenye soksi. Weka pembeni.

Rangi ya ukutani: watu wanasema "na yenyewe ni akriliki, inakauka haitoki". Ni kweli nyingine zina akriliki ndani, lakini imetengenezwa kwa ukuta, ambako shida ni vumbi na kufutwa na kitambaa kibichi. Kupinda hakumo kwenye hesabu. Isitoshe, rangi ya bei rahisi imejazwa chokaa tele na gundi kidogo. Sugua ukuta wa rangi hiyo kwa kiganja uone unga unaobaki mkononi. Unga huo huo utatoka kwenye raba.

Akriliki ya tyubu: hii inakaribia. Gundi yake ni chembe za plastiki zinazoelea kwenye maji. Maji yakiondoka, chembe zinasogeleana na kushikamana kuwa utando mmoja, na utando huo maji hayauyeyushi tena. Unapinda vizuri kuliko rangi ya mafuta. Tatizo ni kwamba ukiipaka nene inakuwa ngozi juu ya kitambaa, kiatu kinakakamaa, na pale kwenye vidole inaanza kuchanika. Ukiipunguza kwa maji mengi ili iwe nyepesi, unaitawanya ile gundi, na ikifuliwa inatoka unga unga.

Kwa hiyo jibu langu ni rangi ya vitambaa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Nayo ni akriliki, ila gundi yake ni laini zaidi na inashikana kabisa ikipata joto la pasi. Ukikosa, nunua akriliki ya tyubu pamoja na kichanganyio cha vitambaa, kile kimiminika cheupe cha kuilainisha. Fuata kipimo cha kwenye chupa, vingine ni nusu kwa nusu, vingine ni kidogo kuliko rangi. Hicho kichanganyio ndicho cha kuipunguzia rangi unene. Maji yawe ya kulowanisha brashi tu.

BintiBrashi
Kemia_Mtaani ahsante sana, umenieleza kitu ambacho muuza duka hakukisema. Yeye aliniambia tu "hii ni akriliki, inafanya kila kitu".

Na ya jirani wa tisheti je?

FundiSkrini
Muulize kwanza ni ipi, maana sisi tunaoprinti nguo kwa skrini tuna familia mbili za rangi.

Kuna plastisoli. Hiyo ni plastiki ya PVC ndani ya mafuta ya kulainisha, haikauki yenyewe hata ukiiacha wazi wiki nzima. Inataka joto la karibu nyuzi 160 lipite unene wote. Tisheti unaiweka chini ya mashine, kiatu utakiweka wapi? Ukikitia kwenye joto hilo soli inakuaga.

Halafu kuna ya maji. Sisi tunanunua binda, ile gundi nyeupe nzito, tunachanganya na pigimenti ya rangi tunayotaka. Hiyo kwa kitambaa cheupe ni nzuri sana, laini, na ukinunua kwa kilo inakuwa rahisi kuliko vichupa. Usizidishe pigimenti ukitafuta rangi kukolea, maana binda itashindwa kuishika yote na utaiona inaachia kwenye maji ya kwanza. Na uifanyie kazi haraka, inakauka kwenye brashi.

Kwa raba nyeupe na maua ya kitenge, mimi ningetumia hiyo. Kwa raba nyeusi hapana, inazama, haionekani. Utahitaji ile nyeupe nzito ya kufunika kwanza.

MamaBatiki_Moro
Hamjambo wanangu. Nimeona kuna mtu anatajiwa rangi kila aina, nikaona nami niseme kabla hajatokea wa kumwambia atumie rangi ya batiki, maana wateja wangu wananiuliza hilo sana.

Rangi yetu inaingia ndani ya uzi, haikai juu, ndiyo maana batiki haipasuki wala haisikiki mkononi. Lakini kwa kiatu haifai. Tunatumia kostiki soda na haidrosalfaiti, na kitambaa kinazamishwa kikatulia humo. Kiatu ukikizamisha, dawa inashambulia gundi ya soli, na mstari wa ua hautabaki pale ulipouchora, utatambaa. Tena kostiki inaunguza mikono, si ya kuchezea mezani kwa brashi. Binti yangu, sikiliza hao wa binda.

BintiBrashi
Shikamoo mama. Nashukuru, maana wa batiki alikuwa wa kwenye orodha yangu pia, nilisahau tu kumwandika.

MamaBatiki_Moro
Marahaba mwanangu. Na nguo mpya ina wanga wa kiwandani, kiatu nacho ni hivyo hivyo. Sisi hatugusi kitambaa bila kukifua kwanza. Fua kwa sabuni ya kawaida, usitie ile dawa ya kulainisha nguo, inaacha utelezi.

Otis_254
Salamu kutoka Nairobi wadau. Mimi nachora viatu, canvas za Bata na mitumba ya Gikomba, so hii thread imenigusa kabisa. Kuongezea tu.

Kabla ya rangi, jua kiatu ni cha kitambaa gani. Vuta kauzi kadogo ndani kwa ulimi wa kiatu, kachome na kiberiti. Kikinuka karatasi iliyoungua na kubaki jivu, ni pamba. Kikiyeyuka na kuwa kashanga kagumu, ni poliesta. Pamba ndiyo rahisi. Poliesta rangi inashika juu juu, na zile za neti za kukimbilia, wachana nazo, rangi inaziba matundu halafu inabanduka.

Pili, tone la maji. Weka tone juu ya kiatu kikavu. Likiingia, sawa. Likisimama kama lulu, kiwanda kilipaka dawa ya kuzuia maji, na hiyo dawa itazuia rangi yako pia. Osha, pangusa na spiriti, jaribu tena.

Huku wengi wanatumia Angelus. Ni rangi ya ngozi hiyo, akriliki, lakini wana kichanganyio chao cha vitambaa kinaitwa 2-Soft, unaweka nusu kwa nusu. Inafanya poa ila bei si mchezo, na kwa jozi kumi na mbili sidhani faida itabaki. Setacolor ya Pébéo nayo ni rangi ya vitambaa kabisa, kichupa ni ml 45. Za India kama Fevicryl ziko na bei ya kuongeleka. Angalia tu chupa imeandikwa ya vitambaa, maana kampuni moja inaweza kuwa na za kioo, za mbao na za nguo, vichupa vyote vinafanana.

Kaka_Ferry
Na kalamu za maka je? Naona vijana mtandaoni wanachora kwa maka pen tu, dakika kumi kiatu kimekwisha.

Otis_254
Kuna maka na maka, buda. Ile ya kawaida ya spiriti inatambaa kwa nyuzi, mstari unaota ndevu. Halafu jua likiipiga, nyeusi inageuka zambarau. Kuna kalamu zenye rangi yenyewe ndani, akriliki ya maji, mfano Posca. Hizo ziko sawa kwa mistari ya mwisho, na kwa kitambaa lazima upige pasi. Kujaza ua zima nazo ni kuchosha mkono bure.

Msomaji_Kimya
Samahani kuingilia. Mimi niliambiwa nichanganye rangi ya ukutani na gundi nyeupe ya mbao, eti inakuwa rangi ya kitambaa. Kuna ukweli?

Kemia_Mtaani
Ikikauka utafurahi, ikilowa utalia. Gundi nyeupe ya mbao ya kawaida inarudi kulainika kwenye maji, inakuwa nyeupe kama ukungu na kunata. Mbao ya ndani ya nyumba haifuliwi, ndiyo maana huko inaishi.

Na nikiwa hapo hapo: msimpake mtu vanishi ya mbao juu ya kazi iliyokamilika mkidhani mnailinda. Ni ngumu kuliko rangi iliyo chini yake, inapasuka na kuivuta rangi nayo. Inageuka njano pia. Rangi ya vitambaa iliyopigwa pasi vizuri haihitaji kufunikwa. Mteja akitaka kinga dhidi ya matope, kuna dawa za kupuliza za kuzuia maji kwenye viatu vya kitambaa. Hiyo inawekwa mwisho kabisa.

BintiBrashi
Hapo kwenye pasi ndipo sielewi. Pasi itaingiaje kwenye kiatu? Na gundi ya soli haitayeyuka?

FundiSkrini
Swali zuri. Kwanza iache rangi ikauke yenyewe siku nzima, usikimbilie joto juu ya rangi mbichi, itavimba.

Sehemu za ubavu na kisigino, jaza kiatu kwa matambara yaliyokunjwa yakaze, weka kitambaa chembamba cha pamba juu ya mchoro, piga pasi kavu bila mvuke. Rangi nyingi za vitambaa zinataka moto wa pamba. Setacolor kwa mfano wanasema dakika 5 kwa nyuzi 150. Usitulize pasi mahali pamoja wala usiisogeze mpaka kwenye ukingo wa soli. Kama ni pasi ya mkaa, jaribu kwenye tambara kwanza, maana moto wake haupimiki, na majivu yakidondoka kwenye kiatu cheupe hapana wa kukusaidia.

Mbele kwenye vidole pasi haikai. Hapo tumia draya ya saluni kwa moto mkali, karibu, dakika kadhaa kila upande, ukisogeza sogeza. Haifikii pasi, kwa hiyo ipe rangi muda mrefu zaidi kabla ya kuguswa na maji.

Kuhusu soli: raba ambazo mpira wake umepikwa pamoja na kiatu kiwandani zinavumilia. Zile zilizobandikwa kwa gundi ndizo za kuogopa, gundi inalainika na soli inaachia pembeni. Ukiminya ukingo na kuona uzi wa gundi, jua ni za kubandika, shusha moto na uongeze muda.

Baridi_Makete
Mnaongelea Moro na Dar, sisi wa huku juu tuna letu. Julai asubuhi rangi ya maji haikauki vizuri, unaiona imekauka halafu inabanduka ganda ganda. Wauza rangi wananiambia nimeuziwa feki.

Kemia_Mtaani
Si lazima iwe feki. Zile chembe za plastiki nilizozitaja zinahitaji ujoto kidogo ili zishikamane. Chini ya nyuzi 10 hivi, maji yanaondoka lakini chembe zinabaki zimelaliana tu bila kuungana. Fanya kazi saa za mchana, na kiatu chenyewe kisiwe kimelala nje kwenye baridi. Wa pwani wana shida ya upande wa pili: masika hewa imejaa maji, rangi inachelewa kukauka, mtu anafunga viatu kwenye mfuko wa nailoni mapema, maua ya kulia yananata na ya kushoto. Hata baada ya kukauka msivibane uso kwa uso kwenye joto, gundi laini inapenda kushikana na mwenzake. Wekeni karatasi katikati.

Zuhura_Mkunazini
Hamjambo. Nami niulize: raba nyekundu za poliesta, nilitaka kuandika herufi nyeupe. Yawezekana?

FundiSkrini
Dada Zuhura, yawezekana ila joto ndilo adui wako. Poliesta nyekundu ikipata moto, rangi yake ya kiwandani inapanda juu kama mvuke na kuingia kwenye nyeupe yako. Unaenda kulala na nyeupe, unaamka na waridi. Kwenye jezi za mpira wa miguu inatutesa kila siku. Tafuta rangi isiyolazimisha pasi, paka tabaka nyembamba kadhaa, uiache ijikaushe yenyewe kwa siku nyingi. Au mshawishi mteja achukue raba za pamba.

BintiBrashi
Wakuu nimerudi. Nilichukua yadi ya merikani, nikaifua, nikachora mistari ya aina nne: binda ya jirani (ni ya maji, nilimuuliza), akriliki ya tyubu peke yake, akriliki na kichanganyio, na rangi ya mjomba ili Kaka_Ferry aridhike. Nimeacha zikauke, nikapiga pasi, nikasubiri siku tatu, nikaloweka usiku kucha kwenye maji ya sabuni, kisha nikasugua kwa tambara jeupe na kukunja kunja mahali pamoja.

Ya mjomba imekatika kwenye mkunjo, mstari mweupe unaonekana. Akriliki peke yake haijatoka ila kitambaa kimekuwa kama kadi. Binda na ile yenye kichanganyio zote zimebaki, binda ni laini zaidi, lakini chungwa lake limepoa kidogo ukilinganisha na la tyubu.

Kaka_Ferry
Nimeridhika dada, nimesalimu amri.

Otis_254
Hiyo chungwa isikupe stress. Chungwa na njano kwa asili ni nyepesi, chini yake paka nyeupe kwanza, iache ikauke, ndiyo uweke chungwa. Inawaka. Bluu haihitaji hiyo.

Halafu funika mpira wa soli kwa ile selotepu ya karatasi ya mafundi rangi, na toa kamba zote kabla ya kuanza. Mpira wa mbele kwenye vidole usiuchore hata wakikuomba. Hakuna rangi kati ya hizi inayoshika mpira unaopinda, inabanduka kama ngozi ya kuungua jua.

BintiBrashi
Walishaomba majina yao hapo mbele! Nitawaandikia kwenye kitambaa cha kisigino. Basi naenda na binda kwa maua, na akriliki yenye kichanganyio kwa chungwa juu ya nyeupe. Niwape maelekezo gani ya kufua?

MamaBatiki_Moro
Waambie wasiguse maji mpaka siku tatu zipite tangu uwakabidhi, wakiweza wiki ni bora. Maji ya baridi, sabuni kidogo, kitambaa laini au mswaki wa zamani kwa pasipo na mchoro. Wasiloweke, wasitie jiki kabisa, maana weupe wa raba huwa unawashawishi. Waanike kivulini, ulimi umevutwa nje. Na mashine ya kufulia wasiijaribu. Waandikie kwenye kikaratasi kila jozi, wakiambiwa kwa mdomo wanasahau.

BintiBrashi
Naandika hivyo hivyo mama. Otis, ukiwa na muda nieleze ile nyeupe ya chini unaipaka mara ngapi.

Otis_254
Mbili nyembamba. Ya kwanza isukume kwa nyuzi na brashi ngumu ya bapa, ya pili lainisha. Ikiwa bado unaona kitambaa kupitia hiyo nyeupe, hiyo si shida, chungwa itafunika. Ukiona uso umekuwa laini kama plastiki, umepita.